Chupa Iliyozikwa Mwamkulu

Miaka ile ya tisini nilikuwa nafundisha fizikia Mpanda, na nilikuwa nimechoka. Bika za maabara, zile bilauri za kioo za kupimia, tulikuwa nazo mbili, moja ina ufa. Siku ya somo la mionzi nikainua ile nzima, nikawaambia wanafunzi kwamba Ulaya taka za vinu vya nyuklia huyeyushwa pamoja na kioo cha jamii hiyohiyo, kisichoogopa moto wala maji, mpaka sumu na kioo vinakuwa kitu kimoja. Kisha humiminwa kwenye mapipa ya chuma, yaje kuzikwa chini kabisa ya miamba. Wakanakili. Kengele ikalia. Punda afe mzigo ufike, nikapanda baiskeli kwenda kijijini kwetu Mwamkulu kumchimbia dada yangu msingi.

Dada alikuwa ameachika, watoto wake wanalala jikoni kwa mama, na mvua zilikuwa zinanukia. Jembe halijazama vizuri, baba akaja na fimbo yake. Akasema pale hapachimbwi. Tulipohamia na ng'ombe kutoka Usukumani, walikufa mfululizo, ndipo mganga akayafungia mabaya yote ya boma ndani ya chupa, akaiziba kwa nta, wakaizika yeye na baba. Nami nilijua kwingine kote kiwanjani maji hutuama.

Hasira zikanipanda. Nikamweleza kwamba wazungu nao wanafungia sumu kwenye kioo, ila yao ni sumu ya kweli, inapimika, na itadumu maelfu ya miaka. Nilidhani nimemweza mzee. Wapi! Akakaa juu ya tofali, akauliza hao watakaokuja baadaye watajuaje kwamba hapachimbwi. Nikajibu kwamba wataandikiwa alama.

"Kwa lugha gani?"

Kitabu cha fizikia hakikugusa jambo hilo, na mimi sikuwahi kuliwaza.

"Kule tulikotoka nimeacha chupa nyingine," akasema taratibu. "Wanaokaa pale sasa hawanijui. Nikilala nawaza, nani anachimba?"

Chupa yake sikuiamini, hata siku ile. Lakini ule msingi niliufukia. Dada akajenga bondeni, na masika ya kwanza ukuta wa nyuma ukalala chini. Watoto wakarudi jikoni kwa mama. Dada alininunia muda mrefu, na sikumlaumu, maana hata mimi nilijichukia.

Baba alishakufa, na mama pia. Anayepajua pale ni mimi peke yangu, nisiyeamini. Watoto wa dada sasa ni watu wazima, wanataka kujenga pakavu. Nikawaambia pale hapachimbwi. Wakauliza kwa nini. Nikaanza na bika, nikaenda kwenye mapipa ya Ulaya, nikachoka katikati, nikaishia kusema babu yenu alikataza. Wakaitikia kwa adabu, ndiyo mjomba.

Juzi nimepita pale, nimekuta wameshusha tofali.