Chambo cha Baba Kwenye Lambo la Maretadu

Nacheka mwenyewe ninapoandika haya. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, kwa wavuvi, nimehamishiwa Maretadu juzijuzi. Jumamosi nilimwahidi mwalimu mkuu kwamba wageni wake watakula samaki, maana nilikuwa nimeona maji mengi nyuma ya mashamba ya mahindi. Akaenda kuazima sufuria kubwa.

Nikabeba chambo alichonichongea marehemu baba: kisamaki cha mti chenye ndoano tumboni na rangi ya kucha ya mama mgongoni. Kilishanasa sangara wazito hicho! Watu wakajaa ukingoni, nami nikapageuza darasa.

"Unatupa mbali, unaacha kizame, unavuta taratibu huku unatikisa. Samaki anadhani ni mwenzake mgonjwa."

"Sawa, mwalimu," wakaitikia. Ikawa hivyo kwa muda wa saa tatu nzima.

Kisha akaja mzee mmoja akiswaga ng'ombe kuja kunywa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Lambo hili tumelichimba wenyewe mwaka huu, likajaa mvua. Hao samaki umewaweka lini?"

Nikawageukia watu wangu. "Sasa mbona hamkuniambia?"

Mama mmoja akainamisha macho kwa heshima. "Tungekukatizaje, mwalimu? Ulikuwa unafundisha."