Jiwe Ndani ya Beseni

Ukienda kunawa mikono kwa dada yangu, utakuta jiwe katikati ya beseni. Usilitoe.

Dada alikuwa akilisha viluwiluwi wa salamanda kwenye maabara. Ni viumbe kama mijusi wa majini, wenye matamvua mekundu ya kupumulia kando ya shingo. Wenzake walimwita Mama Mjusi.

"Wanao hawajambo?"

"Wazima kuliko wako. Na hawaombi nauli."

Mtafiti alitia homoni ya tezi ya shingo kwenye matangi. Walioipata walibadilika: matamvua yakanywea, wakaanza kuvuta hewa. Hapo dada aliwawekea jiwe la kupandia, la sivyo maji yaleyale yaliyowalea yangewazamisha. Tangi la mwisho halikutiwa kitu, ili walinganishe. Mle alibaki mmoja tu, na kila dada alipopita, yeye alikuja kubandika uso kwenye kioo.

Dada mwenyewe alitolewa tezi hiyo kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo. Anaishi kwa vidonge vya homoni ileile.

Mwaka jana nikamwona uso umevimba, sauti imekwaruza, anajifunika blanketi jua likiwaka.

"Dada, dawa unameza?"

"We mdogo wangu, udaktari umeanza lini?"

Akaanguka bafuni, akalazwa. Ndipo aliponivuta mkono pale kitandani.

"Vidonge vyangu nilimsagia yule wa tangi la mwisho. Wenzake wote wamekua, yeye kabaki mtoto. Nilimwonea huruma. Kimbia ukamwekee jiwe. Kule maabara hawajui kwamba anabadilika."

Mimi ni mtu wa haya, hata kumsimamisha kondakta kwangu ni kazi. Siku hiyo niligonga mlango wa mtafiti kwa ngumi.

Tulimkuta chini ya maji. Matamvua hayapo tena. Vidole vimeshika kioo, upande aliokuwa akipita dada.

"Umewahi?" dada aliniuliza.

Nikamimina maji kwenye glasi, nikampa kidonge chake.

Sasa anameza dawa mbele yangu, na uso wake umerudi. Ila anasema akijaza beseni husikia vidole vikikwaruza. Juzi nilisahau, nikalitoa jiwe ninawe uso.

"Lirudishe," akasema kutoka jikoni. Hakuwa ameniona.

Nikalifuta kwa taulo, nikalirudisha taratibu. Maji yalifika nusu yake. Tulipomaliza chai nilipita tena pale. Maji yalikuwa palepale, lakini juu ya jiwe palikuwa pamelowa.