Mwizi Niliyembandika Ukutani

Mpaka leo nikipita mtaa wa Rusimbi, kwenye ukumbi wa maonyesho, navuta kofia usoni, kwa jinsi nilivyoumbuka. Nilikuwa naandaa maonyesho ya picha za wafungwa wa zamani wa Ujiji, kazi yangu kulinganisha sura na majalada ya mahakama ya enzi za Mwingereza, nikakutana na picha ya wanaume wawili, mmoja ameketi kwa kanzu safi anatabasamu, mwingine amesimama kakunja uso, kashika kibao cha namba ya kesi. Namba nikaikuta jaladani: wizi wa mitumbwi. Fremu ilikuwa ndogo, basi nikachukua mkasi nikamkata yule wa kanzu (nilimdhania karani) nikamtupa pipani, huyu wa kibao nikambandika ukutani na kuandika chini yake, kwa wino mwekundu, MWIZI WA MITUMBWI.

Siku ya ufunguzi akaingia bibi yake Zainabu, yule msichana ambaye wazee wangu walishampelekea posa (jibu tulikuwa bado tunalisubiri), pamoja na wanawe wawili, wavuvi, vifua kama milango, na Zainabu mwenyewe nyuma yao. Nikamkimbilia na shikamoo yangu. Hakuitikia, macho kayakaza ukutani. Nikarudia, wapi, na mzee akikunyima marahaba mbele za watu ujue limekukuta jambo.

"Huyu ni mume wangu," akasema taratibu. "Alikuwa mkalimani wa mahakama."

Mwanawe mmoja akaenda kusimama mlangoni. Niliogopa, jamani, nikabwabwaja habari za majalada na namba, na kwa ujinga wangu nikaongeza kwamba hata kibao si kakishika mwenyewe.

"Picha hii naijua, mfungwa ni yule aliyeketi, kafungwa mikono nyuma," akasema Bibi. "Kibao angekishika kwa mikono gani?"

Ukumbi mzima (na Zainabu yumo) ukanitazama nimezamisha mikono kwenye pipa la taka, namtafuta yule wa kanzu katikati ya maganda ya ndizi, naomba Mungu awe hajachanika. Nikampata, ana mafuta ya samaki aina ya mgebuka shavuni, na kweli mikono iko mgongoni, mnyororo unachungulia kiunoni. Nikawaunganisha kwa gundi, nikachana yale maandishi, nikamwendea Bibi kichwa chini, nina hakika posa imekufa. Nikamwamkia tena.

Akaipapasa ile picha pale nilipoiunga.

"Marahaba," akasema. "Lakini picha za harusi hutazigusa kwa mkasi."

Sijaushika tena. Hata kucha ananikata Zainabu.