Kipandio cha Ishirini

Geti la jirani yangu hapa Mtendeni linalia. Likifunguliwa asubuhi linasema kwiii, likifungwa linamalizia kwa mguno, na jirani mwenyewe, mtu mpole, ameshaniomba radhi mara mbili kwa usumbufu. Nimemwambia asijali. Sijamwambia kwamba wala si usumbufu, na kwamba juzi alipotaka kulitia grisi ni mimi niliyemkatisha tamaa kwa kumwambia grisi ya siku hizi inaharibu chuma. Nataka liendelee kulia. Nikilisikia nikiwa jikoni na chai yangu natabasamu peke yangu, na wajukuu wanadhani bibi ameanza kupotea. Sijapotea. Namsikia Mwenyekiti Mihayo, na ninyi mnaonisoma nawaomba mniache nimsikie hadi nishibe.

Sauti hiyo niliijua nikiwa na miaka kumi, katika kijiji cha ujamaa tulichohamia upande wa Isikizya. Tulitokea Isevya, ambako baba alikuwa fundi bati, akitengeneza makarai, vibatari na makopo ya kumwagilia. Watu walimwita Fundi Kondo. Alizaliwa Tabora, na Kinyamwezi alikisema vizuri kama mama, ambaye alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa. Lakini babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, miguu ikamchoka, akaoa hukuhuku. Kwa hiyo mbele za watu sisi tulibaki Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo.

Utani ninaousema si mzaha wa kupigana vijembe tu. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Anaweza kukamata kuku wako uani, akaondoka naye huku unamwona, nawe ukacheka. Siku nawe ukipata nafasi utamfanyia yaleyale, na yeye atacheka. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Nilikua nikiuona utaratibu huu nikaupenda, mpaka ulipotumiwa kumwibia baba.

Karibu na kijiji palikuwa na shamba la mlowezi mmoja aliyekwisha rudi kwao, na katikati ya shamba palisimama mnara wa chuma wenye gurudumu juu, nusu ya mapanga yake yameanguka. Mwalimu wetu alituambia ni kinu cha upepo, kwamba zamani kilikuwa kikivuta maji ardhini. Bibi, mama yake mama, alilikataa jina hilo. Kinu alichokijua yeye ni cha mninga, kina mchi, kinatwanga mtama. Kingine alichokubali kwa shingo upande ni cha kukamulia mafuta ya karanga kule mjini. Sisi watoto tulikuwa na chetu, cha majani ya mahindi yaliyochomekwa kwenye mwiba, tukikimbia nacho mpaka kizunguke. Bibi aliuliza kile cha shambani kinatwanga nini. Alipojibiwa maji, alicheka hadi akashika mbavu, maana kutwanga maji kwenye kinu, kama mjuavyo, ndiyo kazi ya mjinga.

Baba aliitwanga kazi hiyo kiangazi kizima. Alikata mapanga mapya kutoka kwenye mapipa. Alichonga viungo vya pampu kwa ngozi ya ng'ombe aliyoiloweka kwenye mafuta ya karanga mpaka ikawa laini, na nyumba nzima ikanuka karanga na ngozi mbichi. Alipanda na kushuka mnara ule akiwa na goti bovu, jioni mama akimkanda kwa maji ya moto. Wakinamama waliokuwa wakimcheka ndio waliokuja wa kwanza, ndoo kichwani, siku maji yalipotapika kwenye bomba, ya rangi ya kutu kwanza, kisha meupe. Kabla ya siku hiyo walitembea hadi kisima cha bondeni, kwenda na kurudi asubuhi nzima.

Nyuma ya gurudumu kulikuwa na mkia, bati pana linalokigeuza kinu kuelekea kwenye upepo. Baba aliandika pale kwa rangi nyeupe: FUNDI KONDO. Hakuwa mtu wa makuu. Nadhani lilikuwa jambo moja tu maishani mwake alilotaka lisomwe kwa mbali.

Mzee Mihayo alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja bila kipaza sauti. Tulipopata habari kwamba mgeni mkubwa anakuja kukiona kinu, alikuja nyumbani kwetu usiku wa kuamkia siku hiyo, hapana, jioni, maana bado naliona jua kwenye kipara chake. Akamwambia baba: "Mtani, ule mkia nimeuchukua." Baba akacheka. Kesho yake asubuhi mkia ulisomeka MIHAYO, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za baba.

Mgeni alikuja, ngoma zikapigwa, Mihayo akahutubia. Alieleza jinsi alivyopata wazo, jinsi alivyokata mapipa, jinsi yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii, alivyopanda juu kule na spana mfukoni. Mgeni akauliza yule mzee mwenye goti lililofungwa kitambaa ni nani. Mihayo akajibu, "Huyo ni mtumwa wangu, Mzaramo. Babu zangu walimwacha njiani na mzigo wa pembe." Uwanja mzima ukacheka. Mgeni, ambaye kwao hakuna utani wa namna hii, akacheka pia, akampa mkono Mihayo na kumkabidhi baiskeli mpya kwa niaba ya wilaya. Mama alicheka. Baba alicheka kuliko wote, kisha akatumwa kubeba viti.

Mimi sikucheka. Nilimtazama baba akiwa na viti vitatu kichwani, nikamdharau, na dharau ile ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu sikuwahi kumdharau. Nikaapa kwa jina la Mungu, nikiwa nimesimama nyuma ya choo cha shule, kwamba Mihayo atanitambua.

Silaha nilikuwa nayo tayari. Kwa ajili ya goti lake, baba alikuwa amenipa mimi kazi ya kukitia kinu mafuta. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajaoga kwenda msikitini, nilipanda ngazi ya mnara na kopo la mafuta ya karanga shingoni, nikamimina kwenye shimo la ekseli na kwenye meno ya gia, nikashuka. Yeye alisimama chini akinitazama. Ijumaa ya kwanza baada ya ile sherehe aliniambia kipandio cha ishirini kimeoza, amekitoa, nikifika pale niruke. Nilikuwa na miguu mirefu, nikaruka.

Nilipofika juu sikumimina kitu. Nilikaa kwenye ubao, nikajipaka yale mafuta miguuni, mikononi na kichwani, nikashuka na kopo tupu. Ijumaa iliyofuata hivyo hivyo. Mama alifurahi kuona ngozi yangu imependeza, akasema maji ya kinu yamenikubali. Baba aliwahi kusema, "Miguu yako inang'aa, Tatu," akaendelea kunoa mkasi wake.

Wiki ya tatu kinu kilianza kulia. Kwiii, kikizunguka, mguno, kikisimama. Mchana upepo wa kiangazi ulipovuma kilisikika kijiji kizima, na kwa kuwa jina lilikuwa mkiani, watoto wakaanza kusema Mihayo analia. Watu wazima wakaudaka mzaha huo. Mihayo ameamka. Mihayo ana njaa leo. Akipita na baiskeli yake ya zawadi, vitoto vilimfuata nyuma vikifanya kwiii. Sitawaficha: sijapata tena katika maisha yangu, hata siku ya harusi yangu, furaha kama ile niliyoipata nikiwa nimelala mkekani nikisikiliza chuma kile kikimtaja.

Wiki ya saba kikakwama. Maji yakakatika, na wanawake wakarudi kisima cha bondeni, mama akiwa mmojawapo, nami nyuma yake na ndoo yangu ndogo. Njiani wanawake hawakumlaani Mihayo peke yake. Walilaani kinu, walilaani ujamaa, na mmoja akamlaani fundi. Mama aliongeza mwendo. Nilimtazama shingo yake ilivyokaza chini ya ndoo nikaona kwamba hasira yangu imembebesha yeye, na bado, Mungu anisamehe, sikutubu. Nilitaka tu imfikie mwenyewe upesi.

Ikamfikia kwa njia ambayo sikuitaka. Habari zilikuja kwamba mgeni atarudi na wenzake kuonyeshwa kinu cha mfano. Mihayo akaitisha mkutano mbele ya ghala la kijiji, akasimama, na safari hii hakutania. Alisema kuna mtu anahujumu maendeleo. Alisema mtu huyo anafahamika kwa ufundi wake, na kama kinu hakitazunguka kabla wageni hawajafika, yeye mwenyewe atampeleka mjini polisi. Enzi zile neno hujuma halikuwa la kuchezea. Nilihisi mkojo ukinitoka. Nikainuka kusema ni mimi, mama akanivuta gauni nikakaa.

Baba akasimama, taratibu, kwa ajili ya goti. Alikuwa anatabasamu.

"Mtani wangu," alisema, "mtumwa hana mali. Kile kinu kina jina lako. Tena ulimweleza mgeni, sote tukisikia, kwamba ulipanda mwenyewe. Hakina ugonjwa, kina kiu ya mafuta tu. Panda ukakinyweshe."

Kikazuka kicheko, kikianzia kwa wazee wa Kinyamwezi wenyewe, watu wa ukoo wa Mihayo, ambao waliujua mchezo kuliko mtu yeyote. Mtani alikuwa amejibiwa. Mihayo akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kukasirika pamoja naye, akamkosa. Angekataa, angekuwa amekiri uongo. Angekasirika, angekuwa amekiri hana utani, na kwetu huko ni sawa na kukiri huna kwenu. Akacheka, kicheko chembamba, akavua viatu.

Kijiji kizima kilimsindikiza shambani. Alivishwa kopo la mafuta shingoni kama ng'ombe anavyovishwa kengele. Vipandio kumi vya kwanza alipanda akihutubia. Tisa vilivyofuata alipanda kimya. Alipofika penye pengo aliinua mguu, ukapapasa, haukukuta kitu. Akatazama chini kuutafuta, akaona jinsi tulivyokuwa wadogo. Akaukumbatia mnara kwa mikono yote miwili. Mafuta yakammwagikia kuanzia kifuani hadi magotini, yakitiririka kwenye suruali yake ya mikutano, na hakuwa na mkono wa kuyazuia. Hakupanda wala hakushuka.

"Tatu," baba akaniambia, "nenda kamsaidie mtani wangu."

Nilipanda kwa upande wa pili wa mnara, nikampita, nikageuka, tukawa uso kwa uso. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. Yule mzee ambaye kila siku nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kunitazama, sasa alinitazama vizuri sana. "Mwanangu," alinong'ona, "niambie niweke wapi mguu."

Nikamwuliza kinu hiki ni cha nani.

"Cha baba yako," akasema, kwa sauti ambayo hata kunguru asingeisikia.

"Wao hawajasikia."

Alifumba macho. Kisha ile sauti yake ya kujaza uwanja ikatoka yote kwa mara moja: "Ni cha Kondo! Kinu kimetengenezwa na Kondo!" Nikateremka kidogo, nikaushika mguu wake wenye mafuta, nikauweka kwenye kipandio cha kumi na tisa, na kimoja kimoja nikamshusha.

Baba alikitengeneza kinu kwa siku nne. Mihayo alituma mtu aje afute jina lake mkiani. Baba akakataa, akasema jina liachwe, lina kazi. Na kweli, kila kiliposikika kikilia kidogo, watu walikwenda kumwita Mihayo akatie mafuta, mpaka kijiji chenyewe kilipotawanyika.

Kwa miaka mingi niliihadithia habari hii kama ushindi wangu. Niliamini baba alikuwa mtu mwema asiyejua kuchukia, na kwamba bila binti yake wa miaka kumi angekufa akibeba viti. Alipofariki, ndugu zangu waligawana nyumba na mimi nikapewa sanduku la zana. Chini kabisa, chini ya mikasi na patasi, nilikuta kitu kimefungwa kwa kitambaa kile alichokuwa akifungia goti. Kilikuwa kipandio cha chuma, kimepakwa mafuta, kizima, na nati zake mbili. Hakikuwa na kutu hata chembe. Ndipo nilipokumbuka kwamba chuma hakiozi.

Alikuwa ameyajua yote. Fundi aliyesikia kinu chake kikilia wiki nne bila kuuliza, akaona miguu ya binti yake inang'aa, hakuwa na cha kuuliza. Siku ile aliyocheka na viti kichwani alikwishaamua, na wiki ileile akapanda na goti lake bovu kwenda kutoa kipandio kimoja. Mimi nilichofanya ni kumharakishia tu. Na kila Ijumaa alisimama chini, mikono imetoka mbele kidogo, akinitazama nikiruka pengo alilomtegea mwingine. Nilidhani ni mapenzi yaliyomsimamisha pale. Yalikuwa mapenzi. Yalikuwa na hicho kingine pia, na sikuweza kuvitenganisha, nikalia juu ya sanduku lile kwa hasira na kwa fahari.

Kipandio hicho sasa ni komeo la mlango wangu wa uani. Baba nilimsamehe siku ileile. Ninapowaombea marehemu huwataja mmoja mmoja, wazazi, bibi, majirani wa kijijini, hata yule mwanamke aliyemlaani fundi njiani kisimani. Nikifika kwa Mihayo, naruka.