Rufaa ya Fundi

Pale kituo chetu cha afya tunamwita Mama Simu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa nesi wa kuchoma sindano, hadi magoti yalipomgomea. Akahamishiwa chumba kidogo kinachotazamana na dirisha langu la dawa, akapewa daftari na simu yenye kioo kilichopasuka. Kazi yake ni kuwafuatilia wagonjwa tuliowapa rufaa kwenda kwa madaktari bingwa wa hospitali kuu, ajue kama wamekwenda. Utadhani ni kazi ya kukaa tu. Mimi nasema ni kazi ya kubembeleza watu wazima, na jioni huwa hana nguvu hata ya kunijibu salamu.

Katika daftari lake alikuwamo mzee mmoja, fundi cherehani, mwenye presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza ukungu, la kulia bado zima. Daktari wetu alimwambia wazi kwamba asipowahi kwa bingwa, yote mawili yatazima.

Mama Simu alimpigia mara tatu, kila baada ya wiki kadhaa.

"Shikamoo, baba. Umeshakwenda?"

"Marahaba, mwanangu. Bado. Nasubiri."

Mara zote tatu aliandika neno moja: anasubiri. Alidhani anasubiri mtu wa kumsindikiza, kama wazee wengi. Kuuliza si ujinga, lakini yeye alikuwa amechoka, na mimi niliyekuwa nasikia yote kutoka dirishani nilikuwa nahesabu vidonge vyangu.

Mwezi wa tatu tangu tumpe barua ya rufaa, fundi akaja mwenyewe, ameshikwa mkono na mkwewe, mke wa mwanawe. Mkwe alikuwa amebeba suruali ya mteja. Mzee alikuwa ameishona vizuri kabisa, ila zipu ameiweka nyuma.

Mama Simu akashindwa kujizuia. "Baba, nimekupigia mpaka sauti imenikauka! Ngoja ngoja huumiza matumbo, wewe inakuumiza macho! Hivi unasubiri nini?"

Fundi akageuza shingo amtazame kwa lile jicho zima. "Nasubiri niitwe, mwanangu. Si mlisema ni rufaa? Ya shamba letu tulikata, tukakaa kimya, tukaitwa mwaka wa tisa. Ukiwasumbua wakubwa, kesi inaharibika."

"Na ile barua tuliyokupa?"

"Ipo sandukuni, pamoja na za shamba. Ina mhuri, sikuthubutu kuifungua."

Mkwe aliangua kicheko, kisha akaona anacheka peke yake. Mimi nilijisikia vibaya, maana hilo neno nimelitamka dirishani mara ngapi sijui, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulibeba hadi mahakamani.

Kesho yake Mama Simu aliomba ruhusa, akampeleka mzee yeye mwenyewe, kwa magoti yale yale. Walipanda ngazi za hospitali kuu wakishikana, na sijui nani alikuwa anamsaidia nani. Alirudi alasiri, akasimama dirishani kwangu bila kuomba dawa.

"La kulia wataliokoa kwa upasuaji, wamempa siku," alisema. "La kushoto limeshakwenda. Bingwa anasema angekuja miezi miwili nyuma wangeliwahi."

"Mzee amesemaje?"

"Kauliza, 'Daktari, hili la kushoto siwezi kulikatia rufaa?' Watu wakacheka mle ndani. Na yeye akacheka." Akavua miwani. "Mimi nimeshindwa."

Nilimwambia aende nyumbani akapumzike. Hakwenda. Aliingia chumbani kwake, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akawa anashuka kwa kidole akitafuta kila palipoandikwa anasubiri. Walikuwa kumi na wanne. Akavuta simu, akabonyeza namba ya kwanza.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu," nilimsikia akisema, taratibu kuliko siku zote. "Hebu niambie, unasubiri nini?"