Mikono Miwili ya Vanishi

Zamani nepi ya mtoto ilikuwa kitambaa. Kitambaa kilifuliwa, kikaanikwa, kikavaliwa na huyu na mdogo wake, na kilipochakaa kikafutiwa vumbi. Hakuna aliyekipa jina la kifahari. Kisha wakaja watu na nepi za kutupa, tukaambiwa huo ndio ustaarabu, na aliyekutwa anafua vitambaa akachekwa. Leo watu walewale wamerudi na kitambaa kilekile ndani ya boksi lenye jani la kijani, wanatuuzia kwa bei ya blanketi, na wanatufundisha kwamba kitambaa ni rafiki wa mazingira. Kana kwamba mazingira ndiyo kwanza yamepata rafiki.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza Fundi, seremala wa miaka sitini na minane, ameketi dirishani katika behewa la treni, huku mama mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani, akipanga vitu vya mtoto juu ya meza iliyokuwa katikati yao.

“Hizi nepi za pamba,” alisema mama huyo. “Zina vifungo, mtoto akikua unasogeza kifungo tu. Huu mswaki wa mwanzi. Sahani hii imetengenezwa kwa mabua ya ngano, ukiichoka unaifukia shambani inaoza. Kikombe cha chuma. Hakuna plastiki hata moja hapa, mkwe. Nimesoma kila lebo.”

“Naona, mkwe,” alisema Fundi. “Hata sisi tuliokunywa kwa kata ya kibuyu tulikuwa hatuna plastiki. Ila hatukuwa na lebo.”

Mama akacheka kwa nguvu, na kicheko chake kikamwuma Fundi zaidi kuliko kama angejibiwa.

Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mama mzazi wa binti aliyeolewa na mwana pekee wa Fundi. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kando ya mama yake, amechoka kabla treni haijafika popote, na mapajani mwake alijinyonganyonga mtoto wa mwaka mmoja na nusu waliyempachika jina la Bonge kwa sababu ya mashavu yake. Mjukuu mmoja, babu mmoja, bibi mmoja. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Mwana wa Fundi alikuwa amepata kazi katika mji wa mbali, na mkewe angeanza kazi hukohuko Jumatatu. Nyumba waliyopanga ilikuwa na chumba kidogo cha akiba chenye kitanda kimoja. Mzee mmoja angebaki kumlea Bonge mpaka afikie umri wa kupokewa shule ya watoto. Mwana alikuwa amepiga simu akasema, “Sitaki kuchagua kati ya wazazi wangu. Yule ambaye mtoto atatulia kwake njiani, huyo abaki.” Mkunga akajibu, “Abaki mkwe, mimi sina neno.” Fundi naye akajibu, “Hapana, abaki mkwe, mimi sina neno.” Kisha asubuhi ya safari kila mmoja akatokea stesheni na begi la nguo za mwaka mzima, wakatazamana mabegi, wakaamkiana kwa adabu.

Maana ukwe ni heshima. Mkwe humtukani, humsukumi, humwambii sogea. Wivu wa mkwe ni kidonge unachokimeza bila maji.

Na Fundi alikuwa akimeza vidonge hivyo tangu mtoto azaliwe. Mkunga ndiye aliyempokea Bonge kwa mikono yake. Mkunga ndiye aliyejua homa na upele. Mkunga alimwita mtoto “mume wangu”, na mtoto akamkimbilia huku akijikwaa. Fundi alimwita “mume mwenzangu”, kama babu yeyote, na mtoto akamtazama ndevu kisha akaangalia kwingine. Hakuna aliyekumbuka kwamba mke wa Fundi alifariki mwana wao akiwa na miezi minane. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamume huyu alifua nepi uani kwa mikono yake, miaka miwili, majirani wakimwita Mama Fundi, naye akiwaitikia abee ili kuwakomesha. Leo lebo ya dukani ilijua kulea kuliko yeye.

Mkata tiketi akapita, akaziangalia tiketi, akamtekenya Bonge kidevuni.

“Mtoto mzuri huyu. Sura yote ya bibi yake.”

“Wanasema,” alisema mkunga, akijikaza asitabasamu sana.

“Masikio ni yangu,” alisema Fundi.

Mkata tiketi akayatazama masikio ya Fundi, akayatazama ya mtoto. “Masikio yatarekebika akikua, mzee,” akasema, akaenda zake. Mkaza mwana wa Fundi, mama yake Bonge, akacheka mpaka akafuta machozi, na Fundi akacheka pia, meno tu.

Kufikia saa nne Bonge alikuwa amechoka kukaa. Alivua kiatu, akakitupa. Akavuta miwani ya abiria wa nyuma. Akajaribu kuchungulia chini ya viti akagonga kichwa, akalia, akanyamazishwa, akakumbuka, akalia tena. Kusafiri na mtoto wa umri huo ni kama kubeba maji kwa ungo, na dawa iko moja tu: kumpa jambo jipya kabla hajachoshwa na la zamani. Zamani jambo jipya lilikuwa mapaja. Alitoka mapaja ya shangazi akaenda ya jirani, akaenda ya mtu asiyejulikana, akarudi amelala. Siku hizi kila abiria amekumbatia simu yake, mapaja yamefungwa kama ofisi siku ya sikukuu.

Mkunga akatoa boksi. Ndani yake alikuwemo bata wa mbao mwenye magurudumu, amesuguliwa mpaka anang'aa kama yai.

“Nilimnunulia mwezi uliopita. Rangi yake ni ya maji, salama mdomoni. Imeandikwa hapa.”

Fundi alimfahamu bata huyo. Alikuwa amemwona siku ileile aliponunuliwa, alipokwenda kumsalimu mjukuu, na usiku huo hakupata usingizi. Miaka arobaini na mitano alikuwa akichonga mbao. Alikuwa amechonga vijigari, vinyago, vigoda na vijiko vya watoto wa mtaa mzima, na hakuna hata kimoja kilichosifiwa kama bata huyu aliyechongwa na mashine. Watoto wale walikuwa wamekua, wakanunua plastiki, wakasahau. Sasa mbao zilikuwa zimerudi kuwa kitu cha maana, na hakuna aliyekuja kubisha hodi karakanani kwake. Walikwenda dukani.

Bonge alimvuta bata mara tatu mezani, akamwangusha, akamsahau.

Fundi akangoja. Akangoja mpaka mtoto alipoanza kukunja mdomo. Ndipo akafungua begi lake, polepole, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka mezani.

Lilikuwa lori. Lilikuwa na tela lililofunguka nyuma, magurudumu sita yaliyozunguka bila kelele, na dereva mdogo wa mti asiyezidi kidole gumba. Lilikuwa zuri, na liling'aa. Liling'aa kuliko bata.

“Jamani, baba!” alisema mkaza mwana wake. “Umetengeneza mwenyewe?”

“Nani mwingine, mwanangu?”

Mkunga alilishika, akaligeuza, akalinusa kidogo, kwa mazoea ya kazi yake. “Kazi nzuri, mkwe. Na umepaka nini? Maana huyu kila kitu ni mdomoni, meno ya nyuma yanatoka.”

“Nta,” alisema Fundi. “Nta ya nyuki na mafuta. Kama siku zote.”

Na siku zote ilikuwa hivyo kweli. Kitu cha mtoto alikipaka nta iliyoyeyushwa na mafuta, akakisugua kwa kitambaa siku tatu, mpaka mti ukanywa ukashiba. Hakikung'aa, kilikuwa na wekundu mtulivu, kama ngozi iliyotoka kuoga. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake wa useremala, aliyekuwa akimpiga mwanafunzi kofi kwa kosa moja tu: kupaka kitu cha mtoto dawa ya makabati. Lakini lori lilipokamilika, Fundi alilitazama katika mwanga wa dirisha akamkumbuka bata, na nta ikaonekana ya kimaskini. Kulikuwa na kopo la vanishi lililobaki baada ya kupaka kabati la mteja. Akapaka mkono wa kwanza. Asubuhi akapaka mkono wa pili. Lori likawaka kwa mng'ao. Hiyo ilikuwa juzi, na vanishi ile hutaka wiki mbili kukomaa.

Mtu mmoja aliyekuwa akiwalaumu watu wa leo kwa kuacha ya kale alikuwa ameacha ya kale kwa sababu ya bata.

Bonge alilichukua lori kwa mikono miwili. Akalisukuma mezani, akalisukuma kwenye ukingo wa dirisha, akalisukuma juu ya tumbo la Fundi, akapanda mapajani ili alisukume hadi begani. Akamtia dereva ndani, akamtoa. Saa nzima ikapita. Mkunga alimpigia makofi, “Njoo kwa mkeo, mume wangu!” Bonge hakugeuka.

“Umeachika, mkwe,” alisema Fundi.

“Nimeachika kwa talaka tatu,” alisema mkunga, akakunja nepi iliyokuwa imeshakunjwa. Safari hii aliyecheka meno tu alikuwa yeye, na Fundi aliyaona meno hayo, na yalimkolea kama asali.

Mkaza mwana wake aliegemeza kichwa kwenye kiti. “Basi nadhani tumepata jibu,” alisema taratibu, akimtazama mama yake kwa kumwomba radhi. “Babu ndiye atakayebaki. Au siyo, mama?”

Mkunga alilifunga boksi la bata. “Mtoto ameshachagua,” alisema.

Fundi alitazama nje ili wasimwone uso. Miti ilipita, nguzo zikapita. Alikuwa ameshakiona chumba kile, kitanda kimoja, mtoto akiamka asubuhi akimwita yeye.

Aliporudisha macho, Bonge alikuwa amelitia lori mdomoni. Alikuwa akilitafuna kwenye kona ya tela kwa jitihada zote za mtu anayeota meno. Na kwenye mdomo wa chini, pale mate yalipokuwa yakitiririka, palikuwa na kigamba kidogo cha manjano, chembamba kama ganda la kitunguu.

Hakuna mwingine aliyekiona. Mkaza mwana wake alikuwa amefumba macho. Mkunga alikuwa akifunga begi, amewapa mgongo nusu. Fundi angeweza kukifuta kwa kidole, akalificha lori kwa hila, akasema mtoto amelichoka. Aliliwaza hilo. Hakuna cha kumtetea hapa: aliliwaza, tena kwa muda wa kutosha mtoto kung'ata mara mbili zaidi.

Kisha akalinyakua.

Bonge alipiga ukelele uliowaamsha watu hadi mwisho wa behewa. Alimpiga babu yake ndevuni, akamng'ata kidole, akajitupa nyuma kama samaki.

“Mpanguse mdomo, mkwe,” alisema Fundi. “Upesi. Si nta. Ni vanishi.”

Mkunga hakuuliza swali. Alimchukua mtoto, akamwinamisha, akapitisha kidole kilichofungwa kitambaa chenye maji ndani ya mashavu, juu ya fizi, chini ya ulimi. Akatoa vigamba viwili. Akanusa pumzi yake, akamtazama macho, akamnywesha maji kwa kile kikombe cha chuma.

“Hakumeza kitu cha maana,” alisema. “Tutamwangalia. Vanishi gani?”

“Ya makabati. Ya juzi.”

Mkaza mwana wake alikuwa amesimama. “Lakini, baba, mama alikuuliza. Ulisema nta.”

“Nilisema.”

“Kwa nini?”

Fundi alilizungusha lori mkononi. Majibu yalikuwepo, na lililo la kweli lilikuwa la aibu kuliko yote. “Nilitaka ling'ae kama bata wa mwenzangu,” alisema.

Hakuna aliyecheka. Angeomba wacheke. Bonge alilia kwa kwikwi, akamkumbatia bibi yake shingoni, na kila Fundi alipojongea akazidisha sauti. Baadaye akalala, shavu limebonyea juu ya bega la mkunga, mate yakimlowesha gauni.

Baada ya kitambo kirefu mkunga alisema kwa sauti ya chini, binti yake asisikie, “Ningekuwa mimi, mkwe, sijui kama ningesema.”

Alisema kwa wema. Fundi alijua ni wema, na ndiyo maana ulimchoma: hata katika hili mwanamke huyu alikuwa amemtangulia. Angetukanwa angepona. Alijibu tu, “Mshike vizuri kichwa, treni inakata kona.”

Waliingia stesheni saa kumi na moja. Mkunga alishuka na mtoto aliyelala, binti yake akifuata na kikapu, Fundi akateremsha mabegi yote. Mwanawe aliwapokea jukwaani, akawaamkia wazee, akambusu mtoto kisogoni, kisha akauliza kwa furaha swali alilokuwa nalo siku nzima.

“Enhe! Nani anabaki?”

Mkewe akafungua mdomo, akamtazama Fundi, akaufunga.

“Mkwe anabaki,” alisema Fundi. “Mimi narudi na treni ya kesho.”

“Kesho? Mbona begi ni kubwa hivyo?” Mwana alicheka, kisha akapunguza sauti. “Nilikuwa na hakika ni wewe, baba. Nimetafuta kitanda kirefu. Mama huyu atapotelea humo.”

“Atalala na mtoto,” alisema Fundi. “Kitawatosha.”

Akatwika begi la mkunga begani, la kwake akalishika mkononi, akawafuata nyuma. Kichwa cha Bonge kilikuwa kikichezacheza juu ya bega la mwanamke yule kwa kila hatua. Fundi alikitazama njia nzima hadi getini, na wivu wake ulikuwa haujapungua hata chembe.