Milembe na Mbwa Mkubwa Kama Ndama

Hebu mwone Milembe akishuka kutoka juu ya lori la pamba pale Maswa, karibu na jineri, kile kinu cha kuchambulia pamba. Nyuzi nyeupe zimemganda kwenye kilemba, viatu kavishika mkononi, na kikapu chake hakina kitu ila kanga kuukuu ya kumbebea mtoto wa mbwa. Mjane wa miaka hamsini, katoka kijijini huko nyuma ya Bariadi, kaja mjini kutafuta mbwa! Watu wanamtazama, naye anawatazama vilevile.

Sababu alikuwa nayo. Mumewe alimwachia mbuzi thelathini na wanne, na fisi, kana kwamba walisikia habari za msiba, wakaanza kuja. Mbuzi walipobaki ishirini na tisa, shemeji yake Mabula, mdogo wa marehemu, alifika kutoka Mwanhuzi. Akanywa togwa, akapangusa midomo.

"Shemeji, boma lisilo na mwanamume ni mlango wa fisi," akasema. "Nakuachia mpaka mavuno ya pamba ya mwaka kesho. Nikija nikakuta amepungua hata mmoja, nawaswaga wote kwangu."

"Na mimi utaniswaga?"

"Wewe utajua mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma. Kule kwao, mwanamke mwenye mifugo huombwa shauri, na asiye na mifugo huletewa amri. Wale mbuzi ndio waliokuwa sauti yake.

Mbwa wa kijiji alikuwa nao wawili, hodari wa kubweka, lakini fisi walishawazoea kama wenye saa wanavyomzoea jogoo. Alitaka mbwa ambaye fisi akimwona tu atafikiri upya. Nayo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia Bariadi, kila mmoja na ghala lake, na kila ghala lilitaka mbwa wa kutisha. Watoto wa mbwa wakawa bidhaa kama sabuni na redio.

Alianzia mnadani Bariadi, kwa bwana mmoja mwenye miwani myeusi, jina lake Constantine. Alikuwa na watoto wa mbwa sita ndani ya katoni, na karatasi yenye mhuri.

"Mbegu ya Ulaya hii, mayu, mama yangu! Akikua utampanda kama punda."

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake yuko Nairobi."

"Na baba?"

"Baba naye yuko huko huko. Lakini cheti hiki hapa!"

"Sasa baba, mimi fisi akija nimwonyeshe cheti?"

Watu walicheka mpaka muuza viatu wa jirani akakaa chini. Milembe hakununua. Alilelewa katika zizi la ng'ombe, na kwao mtamba hanunuliwi mpaka umemwona mama yake akiinuka. Mnyama aliyesimama anaweza kukudanganya, lakini anapoinuka kutoka chini, nyonga na magoti husema ukweli wote.

Jirani yake Lukresia ndiye aliyemtajia Novatus wa Maswa, mzee aliyewahi kutunza mbwa walinzi wa fundi mitambo mmoja mzungu. Fundi alipoondoka aliwaacha dume na majike wawili, na Novatus akaendelea kuwazalisha nyumbani kwake.

"Mzungu aliwaita mastifu," Novatus alimwambia Milembe baada ya salamu. "Sisi tuliwaita ndama. Njoo uwaone."

Jike mmoja alikuwa amelala kivulini na wanawe, mwenye rangi ya udongo, kichwa kama chungu cha kupikia. Milembe alichuchumaa kwa mbali, akangoja. Hakuharakisha. Jike lile likainuka taratibu, likasimama wima bila kuyumba, likaja kumnusa mikono, kisha likarudi kwa wanawe. Milembe akapumua. Hapo moyoni alikwisha kununua.

Lakini Novatus ndiye aliyeanza sasa kuuliza. Nyumbani mnakula nini? Dagaa wanapatikana? Una uzio? Nani atamtunza ukiugua? Milembe akakunja uso. Tangu lini muuzaji akamhoji mnunuzi?

"Baba, nimekuja kununua mbwa au kuposa?"

"Ni kuposa, mama. Mwanangu simtoi kwa mtu nisiyemjua." Mzee akacheka, kisha akamwonyesha mtoto mmoja pembeni. "Huyu simuuzi hata ukimtaka, nyonga yake ina kasoro. Na hawa wengine wana wiki tano tu. Rudi baada ya wiki nne."

Milembe alisimama, akashika kikapu chake kwa hasira, akafika mpaka getini. Lori lilikuwa limemchosha, vumbi limemkaba, na mzee huyu anamfukuza mikono mitupu! Pale getini akakumbuka kuwa Constantine angempa hata mmoja wa wiki mbili, tena kwa tabasamu. Akageuka.

"Wiki nne, baba. Yule dume mwenye paji jeupe ni wangu."

Siku aliyomchukua, Novatus alimpa sharti moja zito. "Jitu hukua polepole. Usimnenepeshe, na usimkimbize machungani kabla ya mwaka na nusu. Miguu ikipinda, umepata tandiko, si mlinzi. Mlaze na mbuzi tu, awajue kama ndugu."

Milembe alimwita Jineri. Kwa mwaka mzima Jineri alilala zizini, akala ugali na dagaa, akalala tena. Milembe mwenyewe ndiye aliyeongeza miiba kwenye uzio na kupiga debe fisi wakilia. Mbuzi waliozaliwa aliwauza kulipia dagaa, wakabaki ishirini na tisa walewale. Kijiji kikapata la kusema.

"Milembe, mbwa wako anakula kama mgeni na kulala kama mkwe!"

"Mwache mkwe wangu," alijibu. "Mahari yake hajaanza kuilipa."

Pamba ikaiva, ikachumwa. Mabula akatuma habari kwamba anakuja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Milembe alichelewa kwenye foleni ya kupimia pamba, na Lukresia akamfungia mbuzi gizani bila kuwahesabu. Asubuhi, jua halijapanda, Mabula huyo hapo na kamba begani. Walisalimiana, kisha akaingia zizini, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Ishirini na wanane, shemeji."

Milembe akapita kati ya mbuzi, mmoja mmoja. Aliyekosekana alikuwa mbuzi mweusi mwenye mimba. Jineri naye hakuwapo.

"Hata mlinzi kakimbia," Mabula akasema, akishusha kamba. "Nilikwambia."

Milembe aliona nyayo pana kwenye vumbi penye mwanya wa uzio, akazifuata mbio, Mabula na Lukresia nyuma yake, mpaka korongoni kwenye kichaka. Wakasimama wote watatu.

Fisi wawili walikuwa ng'ambo ya korongo wakizunguka, vichwa chini. Upande huu alisimama Jineri, sikio moja limechanika, damu imemkaukia shingoni. Hakubweka. Alikuwa amepanua miguu ile iliyokua polepole, imenyooka kama nguzo za ghala. Fisi walipowaona watu wakaondoka. Ndipo nyuma ya mbwa akalia mbuzi mweusi, na chini yake watoto wawili wabichi wakitafuta chuchu.

Lukresia alipiga vigelegele mpaka watu wakatoka mashambani. Milembe alimshika mbwa wake kichwa kwa mikono yote miwili, akalia na kucheka pamoja.

"Hesabu tena, shemeji!" akasema. "Hesabu watu wakusikie!"

Mabula alihesabu, nao wote wakamsikia: ishirini na wanane zizini, watatu korongoni, jumla thelathini na mmoja. Akakunja kamba yake. Kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza mbuzi wa boma lile ni wa nani, na kwenye vikao vya ukoo Milembe aliwekewa kiti cha mbele.

Lakini kabla ya kuondoka asubuhi ile Mabula alijikohoza, akatazama chini.

"Shemeji, kwangu Mwanhuzi fisi wamekula sita tangu masika. Nina mbuzi arobaini. Nilikuwa nafikiri… ungewapokea hapa kwako, Jineri awaangalie?"

Milembe alimwambia aende, angempelekea jibu. Njiani kurudi nyumbani, mbuzi mweusi akitangulia, Lukresia alimsukuma kwa kiwiko, "Eh, utamjibu nini?" naye akatabasamu tu. Wewe uliyemsikia yule bwana tangu kwenye togwa, ungekuwa Milembe, ungewapokea?